Jua la Bayya

Zamani mtu wa mji wetu alijenga nyumba huku akimcha Mungu na kumwonea haya jirani, na siku hizi anajenga kwa kibali chenye muhuri na picha ya rangi iliyochorwa na kijana ambaye hajalala hata usiku mmoja ndani ya nyumba ya mawe.

Bahmed bin Kasem alikuwa wa zamani. Kazi yake ilikuwa kupaka kuta. Alichoma mwenyewe jasi yake kule bondeni, akaiponda, akaikoroga na mchanga, kisha akaipiga ukutani kwa kichala cha mtende kilichokwisha pukutishwa tende. Ndiyo maana kuta zetu zina mikwaruzo ile ambayo wageni huipapasa kwa vidole wakidhani ni urembo. Si urembo. Ukuta wenye mikwaruzo hujitengenezea kivuli chake wenyewe, na nyumba haipati homa wakati wa kiangazi. Lakini nani anauliza siku hizi?

Hakuwa tajiri, wala hakuwa mtu wa maneno mengi. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa jasi mpaka watoto wakaogopa kushikwa naye. Hata hivyo msikiti ulimchagua aingie kwenye Baraza la Majengo, na jambo hilo lilikuwa heshima kubwa kuliko duka lenye madirisha ya kioo. Wazee watano walikaa katika baraza hilo. Hawakuwa na mshahara, hawakuwa na ofisi. Ofisi yao ilikuwa benchi la mawe popote palipokuwa na ugomvi, na malipo yao chai ya mnanaa ikiwa mwenye nyumba alikuwa na adabu.

Sheria walizozilinda zilikuwa chache na kila mtoto alizijua. Mlango wako usitazamane na mlango wa mwenzako. Nje ya nyumba usiweke pambo, ili maskini akipita asijione maskini. Na kubwa kuliko zote: usimnyime jirani jua.

Mtu wa pwani akisikia hivyo hucheka. Jangwani, mnagombania jua? Aje mwezi wa Januari, upepo unaposhuka kutoka uwanda wa juu na maji yanapoganda ndani ya ndoo, ndipo aseme tena. Enzi hizo, msimu huo ukifika, maisha yote ya nyumba yalipanda juu ya paa. Huko juu, upande wa kaskazini, kila nyumba ina matao yanayotazama jua la kusini, na chini ya matao hayo wanawake walifuma, wakawapaka watoto mafuta, na vikongwe walikaa kuyapasha magoti yao joto. Basi sheria ilisema kwamba ukuta wowote mpya, hata katika siku fupi kabisa za baridi, kivuli chake kisifike kwenye matao ya jirani kabla ya adhana ya alasiri.

Hapa ndipo palipokuwa na tabu yake. Paa ni la wanawake. Mapaa ya mji wetu yameshikana kama sega la nyuki, na wanawake walitembeleana kwa huko juu, vichwa wazi, bila kushuka barabarani. Mwanamume hakukanyaga huko mchana. Fundi akilazimika kupanda, alisimama kwanza kwenye ngazi akaita kwa sauti kubwa, mara kadhaa, mpaka mtaa mzima ujue na wanawake wote waingie ndani. Kwa hiyo baraza la wanaume lilihukumu jambo ambalo halikuweza kuliona. Walifanyaje? Walituma mwanamke kutoka nyumba ya mmoja wao. Alipanda, akakaa na kivuli mpaka adhana, akashuka, akasema alichokiona akiwa nyuma ya mlango uliofunguliwa kidogo. Neno lake halikuulizwa mara ya pili. Baraza zima lilisimama juu ya neno hilo.

Kwa miaka mingi aliyetumwa alikuwa Menna, mke wa Bahmed. Alikuwa mwembamba, mkali wa macho, mfumaji hodari. Kila aliposema "kivuli kimefika," ukuta ulivunjwa. Kuna muuza mbuzi mmoja alivunjiwa ukuta kwa neno la Menna, akahama na wanawe, na hakuna aliyejua walikwenda wapi. Bahmed alimwambia mtu yule siku ile, "Hata angekuwa mwanangu." Maneno kama hayo mtu huyasema kwa urahisi wakati mwanawe yuko mbali.

Mwanawe, Slimani, alikuwa huko kaskazini akiuza vitambaa kama wanavyofanya vijana wetu wengi. Duka likafa, akarudi na mke na watoto wanne. Nyumba ya Bahmed ilikuwa na vyumba viwili vya kulala. Wakabanana. Na hapo ndipo watu walipoona jambo ambalo hawakulitegemea: Bahmed yule aliyekuwa kama ukuta alianza kutoka msikitini mapema. Mjukuu wa mwisho, kitoto kilichoitwa Fafa, hakikuogopa mikono yake. Kilikuwa kikishika kidole kimoja kilichobabuka na kulala nacho. Mzee alikuwa akikaa hivyo hivyo bila kujitikisa, chai ikipoa mbele yake.

"Mama Slimani," alimwambia mkewe siku moja kwa sauti ya chini, "niletee chai nyingine, lakini usimwamshe."

"Tangu lini wewe ukajali nani amelala?" Menna akamjibu, na wote wawili wakacheka kimya kimya kama wezi.

Slimani alitaka chumba juu ya paa.

"Baba, chumba kimoja tu. Sijengi kasri."

"Jenga. Kisizidi urefu wa kifua."

"Chumba cha urefu wa kifua? Tuwe tunaingia kwa magoti kama kuku?"

"Kuku hawamnyimi mtu jua."

"Baba, mke wangu analala jikoni na watoto wawili. Serikali inagawa nyumba kule uwandani, zile ghorofa mpya. Nimeshaulizia. Ama nijenge hapa, ama tuhamie huko. Nichagulie wewe."

Bahmed hakumchagulia. Alikwenda bondeni kwenye mavuno ya tende, kama alivyokwenda kila mwaka, akakaa huko hadi kazi ilipokwisha. Aliporudi alikuta kuta nne za matofali ya simenti zimesimama juu ya paa lake, bado hazijaezekwa, jukwaa la mbao likiwa bado limeegemezwa. Slimani alikuwa ameleta mafundi kutoka nje ya mji, watu wasiojua sheria zetu na wasiotaka kuzijua. Walifanya kazi haraka kama watu wanaoiba.

Upande wa kaskazini wa nyumba hiyo aliishi Bayya, mjane aliyezeeka peke yake. Mume wake alikufa zamani, mtoto hakupata. Magoti yake yalikuwa yamevimba, na jua la paani ndilo lililokuwa dawa yake wakati wa baridi. Ukuta wa Slimani ulisimama kusini kwake, sawasawa.

Hakulalamika yeye. Waliolalamika ni mtaa. Baraza likaitwa.

Walikaa wazee wanne kwenye benchi la mawe mlangoni kwa Bayya, na Bahmed amesimama pembeni kwa sababu kesi ilikuwa ya nyumba yake. Hammu mchinjaji, ambaye hakuweza kukaa kimya hata kwenye mazishi, alimtazama akasema, "Leo daktari mwenyewe anaumwa. Tumpe dawa gani, jamani? Ile aliyokuwa akitupa sisi?"

"Mpeni ile ile," Bahmed akajibu.

Mkuu wa baraza alikuwa Ba Salah, mzee mpole mwenye ndevu za henna. Ilibidi amtume mwanamke. Hammu akasema mkewe yeye yupo, macho yake mazima. Ba Salah akatikisa kichwa.

"Menna ndiye aliyekuwa macho yetu miaka yote. Nikimtuma mwingine leo, nitakuwa nimemwambia Bahmed usoni kwamba mke wake ni mwongo. Siwezi kumvunjia heshima rafiki yangu kwa ajili ya matofali."

 Bahmed angesema nini? Msinitumie mke wangu, simwamini? Heshima ilimziba mdomo. Hivyo ndivyo tulivyokuwa: kwa kuogopa kumuudhi mtu, tulimtuma mama akaupime ukuta wa mwanawe.

Menna alipanda. Wazee wakasubiri, wamejikunyata ndani ya majoho yao ya sufu. Adhana ya alasiri ikaanza. Baada ya kitambo mlango ukafunguliwa kiasi cha upana wa mkono.

"Jua lipo," ilisema sauti ya Menna.

"Limefika wapi, mama Slimani?" akauliza Ba Salah.

"Limefika mahali pake."

Halafu sauti nyingine ikasikika nyuma yake, ya kizee, iliyokwaruza. Ilikuwa ya Bayya. "Mimi sina malalamiko na mtu. Watoto wapate pa kulala. Nendeni mkaswali."

"Mmesikia," alisema Hammu akisimama. "Mwenye jua ameridhika, sisi tunagandia nini hapa? Miguu yangu imekuwa kama ya ng'ombe aliye dukani kwangu."

Wakaenda kuswali. Bahmed alibaki nyuma kidogo. Alitazama mwanga ulivyoupiga mnara, akautazama ukuta wa mwanawe unaoonekana juu ya vichwa vya nyumba. Alikuwa amepaka kuta maisha yake yote, tena alijua ni upande gani jasi hukauka kwanza. Alijua kwamba mkewe ametoa uongo, na kwamba Bayya amemsaidia kuutoa.

Usiku walipokuwa wakila alimuuliza. Watoto walikuwa wameshalala.

"Menna. Kivuli kilifika wapi?"

"Neno langu limepokelewa na baraza. Unaniuliza mara ya pili?"

"Sikuulizi kama mtu wa baraza. Nakuuliza kama mumeo."

"Kama mume wangu, kunywa mtindi wako ulale." Aliondoa sinia, kisha akarudi akasimama. "Bayya mwenyewe amekubali, baba Slimani. Jua ni lake, ametupa. Nani amedhulumiwa?"

"Si lake. Ni la nyumba. Yeye atakufa, nyumba itabaki, na atakayekuja atalikuta limeshaibwa. Angeweza kukupa kitanda chake, blanketi lake. Jua hana haki ya kulitoa."

"Na Fafa? Yeye ana haki gani?"

 Menna alipunguza taa akaenda zake.

Kama angekuwa mtu wa siku hizi, angelala. Angeshukuru kwamba uongo umesemwa na mwingine na wajukuu wamebaki. Wapo wengi waliojengewa majina makubwa kwa kulala namna hiyo. Lakini alikuwa akimwona yule muuza mbuzi akibeba vyombo vyake. Ikiwa neno lile lilikuwa kweli kwa maskini na likawa uongo kwa mwanawe, basi hapakuwa na baraza tena, palikuwa na wazee watano wanaokunywa chai ya watu.

Kesho yake, kabla ya alasiri, alipanda ngazi ya nyumba yake mwenyewe.

Hakuita. Na kosa lake lote liko hapo. Alijua kwamba akiita, mtaa mzima utajua Bahmed amepanda kuhakiki neno la mkewe, na Menna hatainua uso tena mbele ya mwanamke yeyote. Alitaka kumfichia aibu hiyo. Sauti ya kitanda cha kufumia haikusikika chini, lakini alidhani Menna amekwenda kisimani. Upepo ulikuwa mkali. Alijiambia hakuna mtu atakayekuwa nje kwenye baridi ile. Atachungulia mara moja, ataona kivuli, atashuka, na la kufanya atalijua baadaye.

Akapanda jukwaa la mafundi, akachungulia juu ya ukuta wa simenti.

Kivuli kilikuwa kimelala juu ya paa lote la Bayya kama maji yaliyojaa. Kilikuwa kimeshapita chini ya matao. Kwenye pembe moja tu, mashariki, palikuwa pamebaki kipande cha jua kisichozidi mkeka wa kuswalia. Na ndani ya kipande hicho walikuwa wamebanana wanawake wawili. Bayya alikaa chini, kichwa wazi, nywele zake chache nyeupe zimeachwa mgongoni, shingo nyembamba kama ya kinda. Menna alikuwa nyuma yake amepiga magoti, anampaka mafuta na kumchana taratibu, na kila kivuli kilipowasogelea aliuvuta mkeka kidogo, na kikongwe akasogea nao. Walikuwa wakizungumza. Bayya alikuwa akicheka.

Kisha akainua macho.

Ukelele wake haukuwa mkubwa, hakuwa na pumzi ya kutosha. Lakini wanawake wa paa la jirani waliusikia, nao wakapiga ukelele, na wa paa la mbele yao, na milango ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine kuteremka kilima chote. Menna alimrushia Bayya shuka kichwani.  Alimtazama mumewe jinsi mtu anavyomtazama mbwa aliyeingia msikitini.

Bahmed alikwenda moja kwa moja kwa Ba Salah. Wazee wakakusanyika.

"Kivuli kimepita matao," alisema. "Ukuta uvunjwe."

"Nani amekuambia?" aliuliza Ba Salah, ingawa habari ilikuwa imeshafika kabla yake.

"Nimeona kwa macho yangu."

 Hammu alikuwa akitazama viatu vyake. Ba Salah alifunika uso kwa mikono, akakaa hivyo.

"Ungekuja kuniambia tu kwamba una shaka, Bahmed. Ningemtuma mke wa Hammu."

"Ningekuwa nimemwaibisha mke wangu."

"Na sasa?"

Hukumu zilitoka mbili. Ukuta uvunjwe. Na Bahmed aondoke barazani, asisalimiwe wala asiketi na watu, mpaka asimame msikitini kuomba msamaha na Bayya akubali kumsamehe. Alisimama. Aliomba mbele ya mji mzima, mtu ambaye hakuwahi kuomba hata chumvi. Jibu la Bayya likaletwa na mwanamke mmoja, likasemwa nyuma ya mlango: "Mwambieni jua nilimpa kwa moyo mmoja. Kichwa changu sikumpa."

Mwisho wa baridi ile Bayya alikufa, naye hakuwa amesema neno jingine. Miaka ilipopita mashekhe walimwondolea Bahmed adhabu, lakini watu walikuwa wameshazoea kutomsalimu.

Nyumba ya Bayya ilirithiwa na mtoto wa kaka yake, mtu wa mji mkubwa, naye akaiuza kwa watu wa hoteli. Siku hizo baraza la msikiti lilikuwa limekwisha. Ilikuja kamati mpya yenye ofisi, gari na wahandisi, ambao hupanda paa lolote watakalo na kupiga picha, maana hakuna mwanamke anayekaa juu tena. Kamati ikawaruhusu watu wa hoteli waongeze ghorofa, kwa masharti kwamba ipendeze kama ya kale. Wakaipaka simenti, wakaikwaruza kwa brashi ya plastiki. Wageni huipapasa hiyo pia.

Bahmed aliishi muda mrefu pembeni ya hayo yote, katika nyumba yenye vyumba viwili vya kulala na paa lenye jua tele lisilo na mtu wa kulikalia. Alipika mwenyewe. Habari zilimfikia kwa mbali, kupitia wapita njia waliozisema bila kusimama: kwamba Slimani ameondoka kwenye ghorofa za uwandani akarudi kaskazini, kwamba Menna amezikwa huko, kwamba Fafa ameolewa. Mara ya mwisho kuwaona kwa macho yake ilikuwa ile wiki ukuta ulipovunjwa.

Slimani aliuvunja mwenyewe. Alikataa msaada. Nyundo ilisikika mtaa mzima, na kila tofali alilitupa barabarani kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Alipomaliza alileta punda wawili, kwa kuwa gari halipandi kwenye vichochoro vyetu, akaanza kupakia.

Ndani, Menna alikuwa akifungua kamba za kitanda cha kufumia.

"Hicho nacho?" Bahmed akauliza.

"Ni changu. Nilikuja nacho."

"Unakwenda wapi, Menna?"

"Ninakokwenda mwanangu."

"Mimi nilisema kweli."

"Ulisema." Aliendelea kukunja nyuzi. "Na mimi nilidanganya. Mji mzima unajua yote mawili. Sasa kaa na kweli yako, baba Slimani. Ikupikie."

Slimani aliingia kuchukua mzigo wa mwisho. Alimbusu baba yake kichwani, kwa sababu alilelewa hivyo, na midomo yake ilikuwa mikavu. "Kwaheri, Baba," alisema, na Bahmed akatoka nyuma yake.

Aliwafuata mpaka mahali kichochoro kinapoanza kuteremka kwenda lango la mji. Punda walitangulia pamoja na Slimani na watoto wakubwa, mbao za kitanda cha kufumia zikikwaruza kuta pande zote mbili. Nyuma yao walikwenda wanawake wawili, mke wa Slimani na Menna, wamejifunika mashuka meupe ya sufu kutoka kichwani hadi miguuni, wameacha jicho moja tu kama ilivyo desturi. Fafa alikuwa mgongoni kwa mmoja wao, ndani ya shuka, haonekani ila uvimbe. Kwa nyuma Bahmed hakuweza kusema yupi ni yupi wa wale wanawake, mpaka yule mwenye mtoto alipokunja mguu kidogo kwenye ngazi mbovu, kama Menna alivyozoea, akamjua.

Penye kona Menna alisimama, akageuka. Jicho lake moja lilitazama juu ya kichochoro, upande wake, au upande wa nyumba, au upande wa jua lililokuwa likimpiga usoni. Kisha akalivuta shuka, akakata kona.